Shimo la 18 na Ubishi wa Nyumbani Kwetu

Kuna aina ya uwanja wa gofu ambao hautaonekana kwenye televisheni hata siku moja. Hauna mdhamini wala jukwaa la watazamaji, na bodi yake ya wakurugenzi ni baba, mama na watoto wao. Wetu ni wa aina hiyo. Baba aliununua ukiwa na mashimo tisa, akaongeza mengine tisa kidogo kidogo kadiri majirani walivyokuwa wakiuza ardhi, na matatu ya mwisho aliyachora mwenyewe kwenye karatasi ya daftari. Kwa miaka mingi hakuna aliyethubutu kuyagusa. Hatimaye tuliyagusa, na kwa kuwa wageni hawaishi kuuliza kwa nini, nimeona niandike mara moja nipumzike.

Kwanza yalivyokuwa. Shimo la 16 lilikuwa la pari 5, yadi 530, limenyooka tangu mwanzo hadi mwisho. (Kwa msomaji asiyecheza: pari ni idadi ya mapigo ambayo mchezaji hodari anatarajiwa kutumia kuutoa mpira kwenye tii, pale unapoanzia, hadi kuutia kwenye kikombe kilichoko kwenye grini.) La 17 lilikuwa pari 3 ya yadi 195, bwawa limejaa mbele yako lote, hakuna upande wa kupitia. La 18 lilikuwa pari 4 ya yadi 445, kupanda kilima, miti kushoto na kulia, na uso umeelekea magharibi. Aliyefika pale alasiri alipiga mpira wake kuelekea kwenye jua, akabaki kuwauliza wenzake umeangukia wapi.

Ukiyatazama moja moja hayakuwa mabaya. Hilo la 17 lilikuwa zuri hata kwenye picha. Tatizo lilionekana ukiyasoma yote matatu kwa mkupuo: yalikuwa yanauliza swali lile lile mara tatu. Una nguvu? Una nguvu bado? Haya, sasa una nguvu? Mwenye nguvu alijibu mara tatu akaenda zake. Asiye nazo alishindwa mara tatu, na kila mara kwa namna ile ile.

Baba alikuwa na imani moja kuhusu mwisho wa uwanja, nayo ni kwamba mwisho lazima uume. Ushahidi wake ulikuwa Carnoustie, Uskoti, mwaka 1999. Jean Van de Velde, Mfaransa, alifika shimo la 18 siku ya mwisho ya mashindano ya The Open akiwa anaongoza kwa mapigo matatu. Alihitaji mapigo sita tu kwenye shimo la pari 4 ili awe bingwa. Pigo lake la pili lilikwenda kugonga jukwaa la watazamaji na kurudi kwenye nyasi ndefu, la tatu likatumbukia kwenye kijito cha Barry Burn, akavua viatu akaingia majini kuutazama mpira, na mwishowe akaandika saba. Akaingia kwenye mchujo wa watu watatu waliolingana alama, Paul Lawrie akashinda. Baba huisimulia habari hii kama mtu anayesimulia vita alivyopigana yeye. “Unaona?” husema. “Shimo la mwisho linatakiwa liwe na meno.”

Nakubali kwamba lile ni shimo kali na kwamba siku ile ilikuwa tamthilia. Lakini wale walikuwa watu wanaoishi kwa gofu, wamekuja kupimwa, na dunia nzima imekaa kuwatazama wakipimwa. Kwetu anayefika shimo la 18 ni mwalimu mstaafu mwenye handikapu ya 22 (yaani mchezaji hodari humzidi kwa mapigo kama 22 kwa mzunguko), pamoja na mkewe na marafiki zao wawili, wamekuwa wakitembea kwa saa nne, na wanachotaka kujua ni kama kesho kutwa kuna nafasi. Wachezaji wa kawaida wa kiume hupiga mpira wa kwanza kama yadi 200 na ushei; wa kike wengi hupiga kama 150. Kwa mtu wa namna hiyo pari 4 ya yadi 445 inayopanda kilima haina meno wala ulimi. Anapiga, anatembea, anapiga, anatembea, na pigo la tatu halijafika. Nilikuwa na mazoea ya kusimama nyuma ya grini hiyo jioni, na jambo lililonikera kuliko yote ni idadi ya watu waliokuwa wanaokota mipira yao kabla ya kufika. Hawakukasirika. Walikuwa wamemaliza tu, huku shimo lenyewe halijaisha.

Mimi nilikuwa na ushahidi wangu, nao pia unatoka Uskoti. Kwenye Old Course ya St Andrews, uwanja ambao mwaka 1764 ulipunguza mashimo yake kutoka 22 hadi 18 na ndio asili ya hesabu tunayoitumia hadi leo, mashimo mawili ya mwisho hayafanani hata kidogo. La 17, Road Hole, ni la kuogopwa: unapiga juu ya vibanda vya hoteli, grini ni nyembamba na imekaa kimshazari, mbele yake kuna mtego wa mchanga wenye kina na nyuma yake kuna barabara. Halafu unageuka na kukuta la 18. Yadi 357. Hakuna mtego wa mchanga hata mmoja. Ukanda wa nyasi fupi ni mpana kiasi kwamba unachangiwa na shimo la kwanza. Mtu yeyote anaweza kulicheza, hata mtoto.

Na bado ndilo lililomliza Doug Sanders mwaka 1970, alipokosa pigo fupi la kusukuma mpira kikombeni ambalo lingempa ubingwa wa The Open, na siku iliyofuata akashindwa na Jack Nicklaus kwenye mchujo. Ndilo lililomwangusha Costantino Rocca chini kwa furaha mwaka 1995, baada ya kuharibu pigo la karibu, mpira ukabaki kwenye kile kibonde kinachoitwa Valley of Sin mbele ya grini, naye akausukuma kutoka huko chini hadi ukaingia. Alikuja kushindwa na John Daly kwenye mchujo, lakini anayekumbukwa kwa siku ile ni yeye akiwa amelala kifudifudi kwenye nyasi. Kibonde kimoja tu ndicho kilichofanya kazi yote hiyo, bila bwawa na bila miti.

Nilichokuwa namwambia baba kwa lugha zote nilizonazo ni hiki: mashimo ya mwisho yanatakiwa kuuacha mchezo wazi. Anayeongoza awe na sababu ya kufikiri, anayefuata awe na sababu ya kutumaini. Ukiweka ugumu mtupu, anayefuata hapati chochote, kwa sababu anayehitaji kujaribu jambo la hatari ni yeye, na hakuna jambo la kujaribu.

Kuna kitu kingine ambacho wachoraji wa viwanja wanakijua na wenye viwanja husahau. Kwetu watu wengi hucheza kwa kushindania shimo moja moja, mmoja dhidi ya mwenzake au wawili kwa wawili, na mchezo wa namna hiyo huisha pale mmoja anapokuwa mbele kwa mashimo mengi kuliko yaliyobaki. Mechi nyingi huishia kwenye la 15, la 16 au la 17. Anayetunza utamu wake wote kwa ajili ya la 18 anautunzia wachache. Kwa hiyo shimo la 16 lina uzito mkubwa kuliko linavyopewa, na kwetu lilikuwa ndilo lililopuuzwa kuliko yote, yadi 530 za kutembea.

Mdogo wangu alikuja na jambo lake. Alitaka grini ya kisiwa kwenye la 17. Alishafika Sawgrass, Florida, akaliona la mchoraji wa viwanja Pete Dye, lile la yadi 137 lililozungukwa na maji, lililofunguliwa mwaka 1980. Tangu arudi akawa haoni kingine. Nilimweleza historia yake: mafundi walikuwa wanachimba mchanga mzuri pale ili wautumie sehemu nyingine za uwanja, chimbo likapanuka na kupanuka, na ni Alice Dye, mke wa Pete, aliyependekeza waache maji yaizunguke grini. Lilizaliwa kutokana na shida, na lilimfaa aliyekuwa na shida ile. Inakadiriwa kwamba mipira zaidi ya 100,000 huzama pale kila mwaka. Mipira hiyo ni ya wageni waliolipa nauli na ada ili waje kuizamisha, wapigwe picha, waondoke. Wateja wetu wanarudi kila wiki. Mzaha unaochekesha mara moja kwa mwaka unachosha kila Jumamosi.

Halafu kuna foleni. Pari 3 ngumu mwishoni mwa uwanja ni mahali ambapo vikundi hurundikana, kwa kuwa huwezi kupiga mpaka walio mbele watoke kwenye grini kabisa, na wao hawatoki kwa sababu wawili kati yao wanapiga upya. Siku ya watu wengi vikundi vitatu vilikuwa vinakaa kwenye tii ya 17 wakingojea. Mdogo wangu akasema wakingoja watanunua vinywaji. Mama akacheka, mdogo wangu akaelewa kwamba ameshindwa.

Mama ndiye mtunza hesabu, na wazo lake lilikuwa rahisi kuliko yetu sote. “Kabla hujabomoa nyumba,” alisema, “jaribu kuhamisha kitanda.” Alitaka tubadilishe tu mpangilio: tisa za mwisho ziwe za kwanza, za kwanza ziwe za mwisho. Wala hakuwa anabahatisha. Augusta National, uwanja wa mashindano ya Masters huko Marekani, walifanya hivyo hivyo. Mashindano yao ya kwanza, mwaka 1934, yalichezwa kwa mpangilio uliokuwa kinyume cha huu tunaoujua, na kuanzia 1935 wakageuza nusu mbili za uwanja. Sababu inayotajwa ni kwamba kona ya bondeni, ile yenye shimo la 12 la leo, ilichelewa kuondokewa na umande ulioganda asubuhi. Bila mageuzi hayo ya kwenye karatasi, yale maji ya kona hiyo ambayo watu hukesha wakiyatazama siku ya mwisho, Jumapili, yangekuwa yanachezwa mapema, kabla ya mambo kuiva.

Tulilijaribu wazo la mama kwa msimu mzima. Lilitusaidia kuona kwamba shimo letu la tisa linafaa kumalizia kuliko tulivyodhani. Lilituonyesha pia kwamba la kumi ni baya kuanzia: linaelekea mashariki, na kikundi cha kwanza cha asubuhi kilikuwa kinapiga dhidi ya jua linalochomoza. Kanuni ya zamani ya kazi hii ni kwamba usianze kuelekea mashariki na usimalize kuelekea magharibi. Tukajikuta tumehamisha upofu wa jioni tukaufanya wa asubuhi. Tukarudisha mpangilio wa zamani, tukakubali kwamba kazi itahitaji tingatinga.

Msanifu tuliyemwita alitembea uwanja mara kadhaa bila kusema kitu, na nilimpenda kwa hilo. Swali lake la kwanza halikuhusu grini wala maji. Aliuliza ni watu wangapi wanakata nyasi, na kwa mashine zipi. Alipojibiwa alifuta nusu ya michoro aliyokuwa ameianza.

Jibu lake lilitokana na ardhi tuliyokuwa nayo. Shimo la 16 likatwe, liwe pari 4 fupi ya yadi 310, grini yake isogezwe mbele hadi kwenye ukingo wa mfereji wa zamani. Yadi mia mbili na zaidi zinazobaki nyuma yake ziwe nafasi ya kurudisha nyuma tii ya 18. La 17 libaki pari 3, lipungue hadi yadi 165, na grini isogezwe kulia ili maji yakae kushoto peke yake. La 18 liwe pari 5 ya yadi 500, lianze kaskazini-magharibi kisha lipinde kwenda kaskazini, na grini mpya ikae pale palipokuwa na uwanja mdogo wa kujifunzia kusukuma mpira. Mafunzo nayo yahamie kwenye grini ya zamani ya 18. Zamani ilikuwa pari 5, 3, 4. Sasa ni 4, 3, 5. Jumla ile ile, kadi ya alama inabadilika mistari mitatu tu.

Kugeuza shimo la mwisho kutoka pari 4 kuwa pari 5 kuna mfano wake maarufu. Pebble Beach, California, ilipofunguliwa mwaka 1919, la 18 lilikuwa pari 4 ya kawaida kando ya bahari. Mwaka 1922 msanifu Herbert Fowler alilirefusha likawa pari 5, na tangu hapo limekuwa miongoni mwa mashimo ya mwisho yanayotajwa sana duniani. Ufukwe ni ule ule. Kilichoongezeka ni uamuzi: nikate kona kwa kupita juu ya maji, au nizunguke?

Nitakaa kidogo kwenye la 16, kwa sababu hapo ndipo nilipojifunza kazi hii. Yadi 310 ni umbali ambao vijana wachache wenye nguvu wanaweza kuifikia grini kwa pigo moja, na wengine wote wanaifikia kwa mawili bila taabu. Kwa hiyo kila mtu ana la kufanya. Mfereji wa zamani unaukata ukanda kimshazari, kutoka kushoto karibu hadi kulia mbali. Anayepiga kushoto anauvuka kwa pigo fupi, lakini anabaki na grini inayomtazama kwa ubavu, nyembamba, mchanga ukiwa mbele. Anayepiga kulia anahitaji kuuvuka mfereji mbali zaidi, na akifaulu grini inamfungukia kwa urefu wake wote. Hakuna kilichofichwa. Ukisimama kwenye tii unaona yote, na bado hujui ufanye nini, hasa kama uko nyuma kwa shimo moja na mpinzani wako ameshatangulia kuupeleka wake mahali salama.

Mwalimu mstaafu wa handikapu 22 anaweza kushinda shimo hilo. Kwenye lile la yadi 530 sikuwahi kumwona akilishinda.

La 17 lilitupa shida moja ambayo si ya kuchora. Grini zote za baba zilikuwa na miteremko mikali, na yeye hakukosea alipozijenga. Nyasi za enzi hizo zilikatwa juu juu, mpira ulitembea polepole, na mteremko wa asilimia tano ulikuwa burudani. Mashine za leo zinakata hadi milimita tatu au nne. Kuna kifaa kidogo cha kupimia mwendo wa mpira kwenye grini, Stimpmita, ambacho Edward Stimpson alikibuni baada ya kutazama mashindano ya US Open ya 1935 pale Oakmont. Kifaa chenyewe ni kijiti chenye mfereji: unakiinua, mpira unateremka, unapima umetembea futi ngapi. Kadiri namba hiyo inavyopanda, ndivyo sehemu unayoweza kuchimba kikombe inavyopungua, kwa kuwa mahali penye mteremko unaozidi kama asilimia tatu mpira hautaki tena kusimama karibu na kikombe. Kwenye grini yetu ya zamani ya 17 vikombe vilikuwa vinazungushwa kwenye kipande kile kile, na nyasi za kipande hicho zilikuwa zimechoka kwa kukanyagwa. Grini mpya ni kubwa zaidi na tulivu zaidi, lakini upande wa kulia tumeacha tuta refu lenye nyasi fupi. Anayeogopa maji analenga tuta hilo, na mpira unateremka wenyewe kuelekea katikati. Anayelenga bendera ya kushoto ni shauri yake.

Juu ya miti tuligombana kweli kweli. Baba alipanda ile ya pembeni ya 18 kwa mikono yake, na alikuwa anaijua mmoja mmoja. Msanifu alieleza kwamba kivuli chao kinazuia jua la asubuhi kufika kwenye grini, kwamba mizizi inakunywa maji ya nyasi, kwamba ukanda uliokuwa na upana wa kutosha miti ikiwa michanga sasa umebaki kichochoro. Wachezaji wengi wanatumia mkono wa kulia na mipira yao hupinda kulia. Miti ya kulia ilikuwa inakusanya mipira kwa wingi, na watu walikuwa wanapoteza dakika nyingi humo ndani wakipekua majani. Baba alisikiliza yote. Kisha akauliza: “Na nyinyi mlipokuwa wadogo mlikuwa mnacheza kwenye kivuli cha nani?” Hakuna aliyejibu. Dada yetu mkubwa, ambaye huwa haongei kwenye vikao, alisema, “Baba, wajukuu wako hawachezi kule kwa sababu ya mipira.” Ikawa hivyo. Ya kulia ikakatwa mingi, ya kushoto ikabaki, na mbao za iliyokatwa zikajenga daraja la mfereji wa 16.

Ujenzi wenyewe nitaupitia haraka, maana vumbi ni vumbi. Grini tatu mpya zilijengwa kwa mfumo ulioenezwa na USGA, chama cha gofu cha Marekani: chini mabomba ya kutolea maji, juu yake kokoto sentimita 10, kisha mchanganyiko wenye mchanga mwingi sentimita 30, ndipo nyasi. Kokoto na mchanga vinafanya kazi kwa pamoja kwa namna inayoshangaza: maji yananing'inia kwenye mchanga mpaka uzito wake uzidi, kisha yanashuka yote, hivyo nyasi hazikauki haraka na hazizami wakati wa mvua. Udongo wa juu, ule mweusi wenye rutuba, ulikwanguliwa kwanza ukawekwa pembeni na kurudishwa mwishoni. Mkandarasi mmoja tuliyemwomba bei alitaka kuuchanganya na udongo wa chini ili aokoe muda. Hatukumpa kazi. Udongo uliotoka kwenye bwawa la 17 ndio ulioinua tii mpya ya 18, kwa hiyo hakuna lori lililotoka getini likiwa limejaa.

Faida kubwa ya ile hamahama ya grini ilikuwa kwamba hatukufunga. Watu waliendelea kuchezea grini ya zamani ya 18 wakati mpya inaota nyasi. La 16 lilichezwa kwa muda kama pari 3 yenye grini ya dharura tuliyoikata kwenye ukanda. Uwanja mkubwa unaweza kufunga mwaka mzima ukaishi kwa akiba. Wa familia ukifunga miezi sita wanachama wanazoea kwingine, na hawarudi wote.

Watu hudhani kurekebisha uwanja ni kuongeza vitu. Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa kupunguza. Pinehurst, iliyoko North Carolina, iko mikononi mwa familia ya Dedman tangu 1984. Uwanja wao namba 2, kazi ya msanifu Donald Ross, ulikuwa umejaa nyasi za kijani kila kona. Mwaka 2010 na 2011 wasanifu Bill Coore na Ben Crenshaw waliziondoa nyasi hizo pembeni mwa kanda, wakarudisha mchanga na magugu ya asili, na vinyunyizio vya maji vikapungua kutoka kama 1,150 hadi 450. Mwaka 2014 mashindano ya US Open ya wanaume na ya wanawake yalichezwa pale kwa wiki mbili zinazofuatana. Sisi hatuna vinyunyizio vya kuhesabu kwa mamia, lakini kanuni ni ile ile. Kila mtego wa mchanga tunaouchimba lazima mtu aufukue baada ya mvua na kuupigia reki kila asubuhi, na mtu huyo ni mdogo wangu. Mchoro wa kwanza ulikuwa na mitego tisa kwenye mashimo hayo matatu. Iliyojengwa ni minne. Penye mitego iliyofutwa kuna vibonde vya nyasi fupi, ambavyo mashine inapita bila kusimama, na ambavyo humpa mchezaji la kufikiri zaidi, kwa kuwa kwenye mchanga ana fimbo moja ya kutumia na kwenye kibonde ana nne za kuchagua.

Kibonde kikubwa kuliko vyote kiko mbele ya grini ya 18. Hakuna haja ya kuficha nilikokitoa.

Na sasa? La 16 linapendwa, hata na wale wanaotumbukia mfereji. Vikundi havingojani tena kwenye 17, ila kidogo Jumamosi. La 18 bado lina ubishi. Vijana wenye nguvu wanalalamika kwamba yadi 500 ni chache, wanafika kwa mapigo mawili na kupata alama wasiyostahili. Mimi naona ndiyo kazi yake: aliye nyuma kwa shimo moja anaweza kuokoa pigo na kuusogeza mchezo mbele, na aliye mbele analazimika kumjibu. Kuna wanachama wazee wanaosema shimo la mwisho la zamani lilikuwa na heshima zaidi. Nawaelewa, ingawa nimegundua kwamba wanaosema hivyo ni wale waliokuwa wakiokota mipira.

Yapo ambayo hayajakaa sawa. Kona ya nyuma kushoto ya grini ya 17 ilijengwa juu kidogo kuliko mchoro, na bendera ikiwekwa pale mpira mzuri unateleza hadi majini. Tutaikwangua msimu ujao. Tii ya mbele ya 18, ile ya wanaopiga mfupi, iko karibu mno na njia ya miguu, nayo itasogezwa. Baba naye ameleta ombi rasmi, kwa maandishi, kwamba apande mti mmoja kwenye pembe ya 18, ndani ya kona, mahali ambapo vijana hukata njia. Msanifu alipoulizwa alisema mti mmoja pale si wazo baya hata kidogo. Kikao kilipitisha apande, yadi 20 nje ya pale alipotaka, na majani yake ayafagie mwenyewe.